Makro Niliyomwandikia Injinia

Kwenye karakana niliyofanyia kazi Bariadi kulikuwa na mtu tuliyemwita Injinia. Hakuwa injinia. Alikuwa shemeji wa tajiri, kaka wa mke wake, na kabla ya kuletwa kutusimamia alikuwa akiuza vipuri vya pikipiki na kuwaambia wateja kwamba vinatoka Japani. Cheo cha Injinia alijipa mwenyewe wiki ile ile aliponunuliwa koti jeupe, na sisi tukamwita hivyo kwa sababu kumwita kitu kingine kulileta ugomvi.

Mimi nilisomea ufundi wa mitambo Mwanza, nikafanya kazi huko miaka kadhaa kwenye mashine za kompyuta, kisha nikarudi nyumbani kwa sababu mama alianza kuumwa miguu na kaka zangu wote walikuwa na sababu nzuri za kutorudi. Bariadi nilipata kazi kwenye karakana hii. Tulichonga vipuri vya viwanda vya kuchambua pamba: shafti, puli, na nyumba za beringi, yaani chuma kinachoishika beringi isitoke mahali pake. Msimu wa pamba ukianza viwanda vinakimbia mchana kutwa, na kitu kikikatika, mtu anakuja na kipande kilichovunjika ndani ya gunia, anakimwaga mezani na kusema, "Nichongee kama hiki." Kama hiki kipi? Kimekatika vipande vitatu na kimoja hakipo. Lakini ndivyo walivyokuja, na tuliwachongea.

Halafu tajiri akanunua mashine ya kuchonga ya kompyuta, mtumba. Ililetwa kwa lori kutoka bandarini na kushushwa kwa winchi mbele ya umati wa watu ambao hawakuwa na kazi nyingine siku hiyo. Mtaalamu aliyetoka Dar es Salaam kuifunga alikaa siku chache, akala sato kila mlo, akatufundisha kuiwasha na kuizima. Nilipomuuliza habari ya urefu wa visu aliniangalia kama vile mimi ni mtoto aliyeuliza watoto wanatoka wapi.

"Hiyo mtazoea," akasema. Akapanda basi.

Niieleze kidogo mashine yenyewe, maana bila hivyo ujinga niliouona hautaonekana vizuri. Juu kuna spindo, sehemu inayoshika kisu na kukizungusha. Chini kuna meza, ambapo chuma kinachochongwa kinabanwa. Kompyuta inaisogeza meza kushoto na kulia, mbele na nyuma, na inaipandisha na kuishusha spindo. Lakini spindo hiyo haishuki sana, haifiki hata shubiri moja. Ukitaka nafasi zaidi unaipandisha au kuishusha meza nzima kwa mkono, kwa kuzungusha mpini mkubwa wa mbele, kwa sababu meza imekaa juu ya kitu kinene cha chuma ambacho mafundi wanakiita goti. Sasa kompyuta haina habari kama umeligusa goti. Pia haina habari kwamba biti ya kutobolea ni ndefu kuliko kisu cha kusawazishia. Usipoiambia urefu wa kila kifaa inadhani vyote viko sawa, na itakishusha kile kirefu bila wasiwasi wowote mpaka kizame kwenye chuma, au kwenye meza yenyewe.

Injinia alikuwa na dawa yake. Alichana kipande cha karatasi ya pakiti ya sigara, akakishika kwa vidole viwili chini ya kisu, mimi nikawa nashusha spindo taratibu mpaka karatasi ibanwe. "Sifuri!" anapiga kelele, nami nabonyeza kitufe. Tukibadilisha kisu, karatasi tena, kelele tena. Katikati simu yake inalia, anapokea, anaongea habari za kiwanja chake huku kidole kikiwa chini ya kisu. Wateja walidhani wanaona utaalamu. Asubuhi nzima inaisha na hakuna chuma kilichochongwa.

"Injinia," nilimwambia siku moja, "kazi hii mashine inaweza kuifanya yenyewe. Nitaiandikia makro."

"Makro ndiyo nini?"

"Ni maagizo unayoandika mara moja, halafu mashine inayafuata kila ukiyaita. Inapima, inajumlisha, inatoa, inaamua."

"Inaamua?" Alicheka mpaka akashika kiuno. "Binti, hapa anayeamua ni mimi. Huo ni uvivu wa wasomi. Fundi anatumia mikono."

Mikono yake ilikuwa misafi kama ya mtunza fedha.

Nilisubiri masika. Mvua zikianza viwanda vimefungwa, pamba iko shambani bado, na wanaokuja karakana ni wenye majembe ya ng'ombe tu. Injinia alikuwa anashinda duka la jirani akitazama marudio ya mpira. Nikaichukua mashine.

Nilichagua kisu kimoja kiwe cha kulinganishia vingine vyote. Nikafunga kibao cha shaba kwenye pembe ya meza, nikakivutia waya hadi kwenye kompyuta, ili kisu kikikigusa tu mashine isimame na ikumbuke imesimama wapi. Makro ya kwanza ilishusha kifaa polepole mpaka kwenye kibao, ikatoa urefu wa kile kisu cha kulinganishia, ikahifadhi tofauti. Ya pili ilihusu kubadilisha kisu: spindo inapanda mpaka juu kabisa, inasimama, skrini inasema kifungwe kisu gani, halafu mashine inaongeza au inapunguza ile tofauti bila kumsumbua mtu. Mwanzoni niliweka alama ya kujumlisha mahali pa kutoa, na kisu kikazama kwenye gogo la mkaratusi nililolibana mezani. Ndiyo sababu watu wenye akili wanajaribia kwenye gogo.

Goti lilinisumbua zaidi. Nilifunga kipimo cha kidijitali ubavuni mwa mashine, kinachoonyesha kwa namba meza iko kimo gani. Lakini kipimo hicho kilikuwa cha bei rahisi, hakikuweza kuzungumza na kompyuta, kwa hiyo ilibidi makro imuulize binadamu. Kila kazi inapoanza, skrini inaandika: GOTI LIKO WAPI? Unainama, unasoma kipimo, unaandika namba. Makro inalinganisha na namba iliyopita, na kama meza imepanda au imeshuka, inarekebisha kila kitu.

Ilifanya kazi. Sisemi hivyo kwa majivuno. Ilifanya kazi kwa sababu hesabu ni hesabu. Msimu ulipoanza, malori ya pamba yakiwa yanapita kutoka upande wa Dutwa na kuacha nyuzi nyeupe kwenye miiba ya barabarani, shughuli iliyokuwa inakula asubuhi nzima ilikuwa imekwisha kabla chai haijapoa. Tajiri alifurahi, akampongeza Injinia kwa usimamizi mzuri. Injinia akapokea pongezi.

Kisha akagundua jambo. Aligundua kwamba mashine inapouliza goti liko wapi, unaweza kuandika namba yoyote. Haikuwa lazima kuinama. Basi akawa anaandika namba ile ile ya jana aliyoikumbuka, kwa mazoea, kama mtu anayejibu "salama" huku nyumba yake inaungua. Kwa muda hakuna kilichotokea, kwa sababu meza haikuwa imeguswa. Nilimwonya.

"Injinia, soma kipimo. Mashine inakuamini wewe."

"Na inafanya vizuri," akajibu.

Siku ya ajali nilikuwa ng'ambo ya barabara kwa mama ntilie. Kiwanda kimoja kilikuwa kimetuletea nyumba ya beringi, chuma cha kusubu, ya pekee waliyokuwa nayo. Mtambo wao mmoja ulikuwa umesimama ukiisubiri. Niliiacha imebanwa mezani, nikasema naenda kula, isiguswe. Injinia akapata mgeni. Ili amwonyeshe mgeni chuma kile kwa karibu alizungusha mpini, akaipandisha meza. Mgeni akashangaa, kama wageni wanavyoshangaa kitu chochote. Injinia akataka ashangae zaidi, akabonyeza kitufe cha kuanza. Mashine ikauliza. Injinia akaandika namba ya jana.

Kishindo nilikisikia kijiko kikiwa njiani kuelekea mdomoni. Nilipofika, biti nene ya kutobolea ilikuwa imekatika, nyumba ya beringi ina ufa kutoka juu hadi chini, mgeni hayupo, na Injinia amesimama mbali kabisa na mashine, mikono mfukoni mwa koti, kama mtu anayesubiri basi.

"Programu yako imekosea," akaniambia.

Tajiri alikuja. Injinia akasema tena kwamba programu ya binti imekosea, safari hii kwa sauti ya huzuni, kama vile inamuuma kunisema.

"Tajiri, njoo uone," nilisema. "Kipimo kinasoma namba hii. Kompyuta imeandikiwa namba nyingine. Hizi hapa zote mbili, hazijaguswa. Aliyeandika hakusoma."

Tajiri hakuja kuona. Alisimama pale pale mlangoni na kupangusa jasho. Namba hizo zilikuwa hatua chache tu kutoka alipokuwa, lakini angeziona ingebidi aende nyumbani akaongee na mkewe.

"Wewe si ndiye msomi?" akasema hatimaye. "Tengeneza kitu kisichoharibika hata mtu akikosea."

Nilimwelewa vizuri. Aliniagiza nitengeneze mashine inayomfaa shemeji yake. Nyumba ya beringi niliiunga kwa kulehemu, kazi mbaya ambayo sikuipenda, kiwanda kikaendelea nayo kwa shingo upande. Nami nikarudi kwenye kompyuta nikiwa na hasira ambayo, lazima niseme, ilinisaidia sana kuandika.

Makro ya tatu ilikuwa fupi kuliko zote. Mtu akishajibu goti liko wapi, mashine haimwamini tena. Inakwenda juu ya kile kibao cha shaba, inashuka polepole mpaka inakigusa, inajua yenyewe meza iko kimo gani. Ningeweza kuliondoa swali lenyewe, lakini nilitaka mtu ainame. Jibu likiwa la kweli, kazi inaanza. Likiwa la uongo, spindo inapanda juu, taa nyekundu inawaka, na hakuna kitufe kitakachoizungusha mpaka namba sahihi iandikwe. Kwenye skrini niliandika kwanza: HITILAFU YA KIPIMO. Nikaitazama sentensi ile. Ilikuwa na adabu ambayo hakuna mtu pale aliyeistahili. Nikaifuta nikaandika: UMEDANGANYA. NENDA KASOME KIPIMO. Herufi zote kubwa, kwa sababu kompyuta ile haina ndogo.

Sikumwambia Injinia. Tangu ajali alikuwa ameapa hataigusa mashine, eti hana imani nayo.

Imani ilimrudia siku tajiri alipoalika watu wa viwanda. Alitaka wampe kazi ya vipuri vya msimu mzima, akapanga waje waone mashine inavyofanya kazi. Injinia alifua koti. Wageni walikuwa wachache, na mkubwa wao alikuwa fundi mkuu wa kiwanda kile kile cha nyumba ya beringi, mzee wa Kisukuma mwenye ovaroli lenye mafuta mpaka mgongoni, ambaye hakuketi kwenye kiti alichopewa.

"Binti, wape wageni soda," Injinia aliniambia. Nikabeba kreti.

Akaanza kueleza. Alisema makro. Alisema kulinganisha urefu wa visu. Maneno yangu yote aliyatoa moja baada ya jingine, yakiwa yamegeuzwa kidogo, kama mtu aliyevaa shati la mwenzake na kufunga vifungo kombo. "Mfumo huu," akasema, "nimeubuni na kuuandika mwenyewe, kila neno." Tajiri akaitikia kwa kichwa, kwa fahari.

Fundi mkuu akauliza, "Na meza ikipandishwa katikati ya kazi?"

"Hakuna tatizo lolote."

"Ipandishe tuone."

Injinia akaushika mpini, akazungusha kwa madaha, meza ikapanda. Akabonyeza kitufe. Skrini ikauliza: GOTI LIKO WAPI? Kipimo kilikuwa usawa wa paja lake, kuinama kidogo tu. Hakuinama. Aliandika namba kutoka kichwani, akabonyeza kwa kidole kilichonyooka, akawageukia wageni akitabasamu.

Mashine ikasogea taratibu mpaka juu ya kibao. Ikashuka. Ikagusa. Ikapanda mpaka juu kabisa, na taa nyekundu ikawaka. Injinia alikuwa ameipa mgongo, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua.

Fundi mkuu alivaa miwani yake, akasogea kwenye skrini na kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesoma somo kanisani: "Umedanganya. Nenda... kasome... kipimo."

Hakuna aliyecheka bado. Injinia aligeuka, akasoma, midomo yake ikicheza.

"Hiyo," akasema, "ni lugha ya kitaalamu."

Hapo ndipo walipocheka. Mmoja alimwaga soda kwenye suruali yake. Tajiri mwenyewe alishika ukuta. Fundi mkuu peke yake hakucheka, alikuwa bado anafikiri.

"Lakini umesema uliandika mwenyewe, kila neno," akamwambia Injinia. "Ulikuwa unajiandikia wewe?"

Injinia akasema kuna mambo ya ndani ya kampuni. Akasema joto limezidi. Akavua koti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, na ndani alikuwa na shati lenye shimo kwapani. Nilitegemea nitamwonea huruma. Nilisubiri huruma ije, haikuja. Nilichokiona ni mtu mzima ambaye angeweza kuinama kidogo tu, na akaona ni afadhali kuharibu mashine.

Fundi mkuu alinitazama pale nilipokuwa nimeshika kreti.

"Ni wewe, mayu?" akauliza, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Ni mimi."

Akaitikia kwa kichwa, akainama, akasoma kipimo, akaandika namba kwa kidole kimoja. Mashine ikaenda kwenye kibao, ikagusa, ikaridhika, ikaanza kuchonga. Alisimama akiitazama mpaka kipande kikakamilika, akakichukua kikiwa bado cha moto, akakigeuzageuza.

"Vipuri vyangu atachonga huyu," alimwambia tajiri. "Asipokuwepo, msichonge."

Wageni walipoondoka tajiri aliniita ofisini na kufunga mlango. Macho yake yalikuwa bado na machozi ya kicheko, lakini uso alikuwa ameshaupanga upya.

"Ondoa yale maneno."

"Na ukaguzi?"

"Ukaguzi uache. Maneno ondoa. Yule ni mkubwa wako, ana watoto."

Sikuona watoto wake wanahusikaje na kimo cha meza, lakini niliondoa. Siku hizi skrini inasema: TAFADHALI SOMA KIPIMO TENA. Uongo ni ule ule, mashine inagoma vile vile, ila sasa inagoma kwa upole, na tajiri anaona heshima imelindwa.

Injinia hakufukuzwa. Watu wa namna ile hawafukuzwi, wanahamishwa mahali penye kiti kizuri zaidi. Alipewa meza ya mbele, ya kupokea wateja, yenye feni. Koti alilivaa tena kesho yake asubuhi. Mimi nilipewa mashine yote, na kijana yeyote wa shule ya ufundi anayekuja kujifunza analetwa kwangu. Nilidhani Injinia atakuwa na aibu angalau kwa wiki. Lakini mtu hawezi kuona aibu kama huwa hajisikilizi anapoongea. Kabla ya mwisho wa mwezi nilimsikia akimweleza mteja wa Maswa jinsi alivyoifundisha mashine yetu kugundua waongo.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna, nilichukua likizo kwenda kijijini kwetu Zagayu kumsaidia mama kuchuma pamba. Nilikuwa katikati ya shamba, gunia limejaa nusu, simu ikaita. Injinia.

"Mashine imegoma," alisema. Sauti ilikuwa chini. Nyuma yake niliwasikia watu wanabishana. "Kuna watu wa kiwanda hapa, mtambo wao umesimama. Wanataka puli leo hii. Fundi wao mkuu amekubali nikiongea na wewe."

"Inasema nini?"

"Inasema tafadhali."

"Basi isomee kipimo."

"Nimeshaandika."

"Uliandika. Sasa soma. Inama, Injinia. Kiko ubavuni, usawa wa paja."

Nilisikia magoti yake yakilia, au labda ni kiti. Halafu akaanza kunisomea namba, tarakimu moja moja, nukta akaiita nukta, kwa sauti ya mtoto anayesoma mbele ya mwalimu. Nilijua ni za kweli kwa sababu hakuna mtu anayedanganya polepole namna ile. Nikamwambia aziandike hivyo hivyo. Nikasikia mashine ikishuka, ikagusa, kisha ule mngurumo wa kisu kikianza kuzunguka.

"Imewaka," akasema, kwa mshangao. "Imekubali!"

"Usiguse kingine chochote."

Akakata simu. Hakusema asante. Mama, aliyekuwa mstari wa pili, aliniuliza ni nani huyo ninayemwamrisha kuinama.

"Ni bosi wangu wa zamani," nilimwambia.

Akaguna, akaendelea kuchuma.

Nilirudi kazini Jumatatu. Puli ilikuwa imetoka vizuri, kiwanda kilikuwa kimeshaichukua. Injinia alinisubiri mlangoni, koti limepigwa pasi, akaniarifu kwa uzito kwamba nilipokuwa sipo mashine ilipata hitilafu kubwa sana, mafundi wakashindwa, ikabidi yeye mwenyewe aingilie kati na kuirekebisha.

"Mwangaluka, Injinia," nilimwambia, maana nililelewa kusalimia wakubwa. Nikampita, nikaenda kuwasha mashine.